Mtoto kapata chuo Unguja: ulizeni kampasi kabla ya chumba

Yakishatoka matokeo ya kidato cha nne mwezi wa Januari, na ya kidato cha sita mwezi wa Julai, simu yangu haitulii. Kwetu ni Wete, Pemba, lakini mie nakaa Mpendae, hapa mjini Unguja, na kila mpwa anayekuja kusoma mjini hupitia kwangu, yeye na rafiki yake na mtoto wa jirani yake. Wazee wote huniomba kitu kimoja: "Dada, tutafutie chumba karibu na chuo." Na mie huwarudishia suala: chuo gani, na anakwenda kusoma nini?

Chukueni SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mtu wa Pemba akisikia jina hilo anafikiri ni jengo moja na geti moja. Chuo kilianza kusomesha mwaka 2001, baadaye vyuo vya serikali vya zamani vikaunganishwa nacho, na kila kimoja kikabaki palepale kilipokuwa. Ndiyo maana makao makuu yako Tunguu, njia ya kusini, lakini chuo cha afya cha zamani kiko Mbweni, upande wa uwanja wa ndege. Cha utalii kiko Maruhubi, njia ya Bububu, na ukiendelea na njia hiyohiyo unafika Beit el Ras, kulikokuwa chuo cha ualimu cha Nkrumah. Cha uongozi wa fedha kiko Chwaka, pwani ya mashariki kabisa. Kuna Kizimbani kwa kilimo, na Vuga pale mjini. Sasa mtoto mkishamlipia chumba Mbweni kisha darasa lake liwe Chwaka, mmemtesa nyinyi wenyewe. Kila siku ya Mungu atatoka alfajiri, na nauli atakayolipa kwa mwezi ingetosha kumlisha.

Kwa hiyo barua ikifika, jina la chuo lisikushughulishe sana, tazama jina la kozi, kisha pigeni simu idara ya udahili muulize kwa maneno haya haya: "Mwaka huu kozi hii inasomeshwa kampasi gani?" Semeni *mwaka huu*, maana madarasa huhamishwa, na aliyesoma zamani atakwambia ya zamani. Na kabla hata ya hapo, ulizeni kama kozi ipo Pemba. SUZA ina kampasi Mchanga Mdogo, na wapo watoto waliopanda boti kufuata kitu ambacho wangekisoma wakilala kwao.

Jengine linalowachanganya watu: Tunguu kuna Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na kuna Chuo Kikuu cha Zanzibar, hiki cha pili ni cha binafsi, kilianza 1998. Majina ni kama pacha, ada si pacha. Hapohapo Tunguu kuna Chuo cha Utawala wa Umma, IPA. Kabla hamjalipa hata shilingi, someni jina lote lililoandikwa kwenye namba ya malipo, neno kwa neno. Chuo Kikuu cha Sumait kiko Chukwani, na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, wanayoiita KIST, iko Mbweni.

Kuhusu sifa za kuingia, hapa ndipo wazee wengi wanapoumia. Mtoto wa kidato cha nne anayetaka kuanzia cheti kisha stashahada, kwa kawaida huhitaji kufaulu masomo manne yasiyo ya dini. Kwetu sisi mtoto kupata alama nzuri ya dini ni fakhari ya nyumba nzima, na iwe hivyo, lakini mkikaa kuhesabu masomo manne, hilo liwekeni pembeni kwanza. Kwa shahada, wa kidato cha sita hutazamwa masomo mawili makuu na pointi zake, na kila kozi ina masharti yake juu ya hayo. Chuo ambacho hakionekani kwenye orodha ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya cheti na stashahada, au ya TCU, tume ya vyuo vikuu, msikifuate, hata kama tangazo lake limebandikwa kila nguzo ya Darajani.

Aliyekosa masomo manne msimwambie kafeli maisha. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Mwanakwerekwe na Mkokotoni, na Pemba kuna Vitongoji na Daya Mtambwe. Fundi umeme mzuri hapa mjini humpati bila ya kumbembeleza.

Turudi kwenye chumba. Dalali atakwambia kila nyumba "iko karibu na chuo". Hakudanganyi, hajasema tu chuo gani. Mie siendi kutazama chumba saa nne asubuhi, wakati gari hazina watu. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simama kituoni, tazama gari ngapi zinapita zimejaa bila ya kusimama. Kwa Tunguu, mitaa ya upande wa Mwanakwerekwe na Fuoni ina nafuu. Kwa Mbweni na Chukwani tafuteni Kiembesamaki na Tomondo. Kwa Maruhubi na Beit el Ras, Mtoni na Bububu. Ulizeni pia dakhalia, yaani bweni la chuo, khasa kwa mtoto wa kike wa mwaka wa kwanza, lakini ombeni mapema kwani vitanda havitoshi.

Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi kadhaa mbele, kwa hiyo andikishianeni, na mtoto apelekwe kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa huo, ajitambulishe. Aende na kitambulisho chake na nakala ya barua ya chuo. Likitokea la kutokea, sheha asiyemjua mtoto wenu hatakuwa na la kusema.

Akikaa kwa jamaa, kubalianeni wazi kabla hajafika: atachangia nini, na saa ngapi za kusoma hatumwi dukani. Mie wangu wanajua, baada ya Isha hawaitwi.

Vyeti halisi vipande boti ndani ya mkoba wake wa mkononi, nakala nyengine zibaki nyumbani. Godoro msilisafirishe kutoka Mkoani, magodoro yamejaa mjini.