Anautaka Ubabe au Anaustahimili Tu? Jinsi ya Kuwapima Wapiga Kura Wanaohamahama

Kiongozi mbabe akishinda uchaguzi, hazipiti siku mbili kabla ya watu kugawanyika: hawa wanasema wananchi wamempenda kwa ubabe wake, wale wanasema wamemchagua licha ya ubabe wake. Kwa wafuasi wa kufa na kuzikana wa chama, ubishi huo haubadilishi kitu, kwa kuwa kura yao inajulikana mapema. Wanaostahili kuchunguzwa ni wanaohamahama, leo huku kesho kule. Kama wanautaka ubabe wenyewe, mpinzani anayeahidi kuheshimu mahakama hatawavuta kwa ahadi hiyo. Kama wameustahimili kwa sababu ya bei, ajira au usalama, wanaweza kurudi pale watakapoyaona hayo kwa mgombea asiye mbabe. Karatasi ya kura haitakuambia ni lipi kati ya hayo, kwa kuwa haina nafasi ya kuandika sababu.

Kazi yote inasimama juu ya jambo moja: tenganisha kitendo na faida yake. Anayekitaka kitendo hukitaka hata kisipomletea faida. Anayekistahimili hukiacha faida ileile ikipatikana kwingine.

Kuwapata wanaohamahama

Usiwachanganye na wasioamua. Mtu anaweza kuwa hajaamua kwa sababu tu amekasirikia chama chake cha miaka yote, na mwingine aliyeamua mwezi mzima uliopita akawa amehama mara tatu maishani. Mpe mhojiwa majina ya vyama vikubwa, na kwa kila kimoja aseme, kuanzia 0 hadi 10, kuna uwezekano gani siku moja akakipigia kura. Chama cha juu kikipata 6 au zaidi, na cha pili kikawa nyuma yake kwa alama 2 au pungufu, huyo mhesabu. Aliyetoa 2 na 1 amekata tamaa na vyama vyote, kwa hiyo mweke fungu lake. Muulize pia alivyopiga kura katika chaguzi mbili zilizopita, ukikumbuka kwamba baada ya uchaguzi watu wengi hujihesabu upande wa mshindi hata kama hawakumpigia.

Hapa ndipo tafiti nyingi zinapoharibika kabla hata ya swali la kwanza. Sampuli ya watu 1,200 ina kiwango cha makosa, yaani umbali ambao namba yako inaweza kuwa nao na hali halisi, cha takriban asilimia 2.8 juu au chini. Lakini kama wanaohamahama ni mmoja kati ya watano, unabaki na watu 240, na kiwango cha makosa kinapanda hadi asilimia 6.3. Kwa hesabu hiyo, anayetangaza kwamba asilimia 48 wanaunga mkono na 42 wanastahimili hajapima kitu. Ukitaka watu 600 wa kundi hili, andaa mahojiano 3,000, au fanya mchujo mfupi wa maswali matatu kwanza, kisha uendelee na wanaohusika tu.

Maneno ya swali

World Values Survey, utafiti wa maadili na mitazamo unaofanyika katika nchi nyingi duniani, imekuwa ikiwauliza watu kwa miaka mingi kama ni vizuri kuwa na kiongozi mwenye nguvu asiyejali bunge wala uchaguzi. Swali hilo linabeba mambo mawili, na wapo wanaosikia “mwenye nguvu” wakajibu hapohapo. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, huuliza kama mtu anakubali uchaguzi na bunge vifutwe ili rais aamue kila kitu. Hilo liko wazi zaidi, ila ni zito kiasi kwamba wengi hulikataa, na bado hujajua watafanya nini rais akiahirisha uchaguzi mmoja tu.

Kiswahili nacho kina mitego yake. “Kiongozi imara” ni sifa tayari, na “uongozi wa kimabavu” ni lawama tayari. Ukitumia lolote umeshamjibia mhojiwa. Hata neno “kuvumilia” halifai kwenye dodoso. Sote tumelelewa kwamba mvumilivu hula mbivu, kwa hiyo ukimuuliza mtu kama anavumilia, umemuuliza kama ana tabia njema. Acha majina makubwa, taja kitendo: kukaidi hukumu ya mahakama, kufunga gazeti, kumkamata mpinzani kabla ya kampeni, kuongeza muda wa kukaa madarakani.

Kwa kila kitendo, anza na “Je, umesikia kwamba kimetokea?” Asiyejua hajastahimili, hajui tu. Kisha “Unaonaje, ni halali au si halali?” maana wako wanaoamini kwa dhati kwamba kumkamata mpinzani ni kuitetea demokrasia. Halafu mpe majibu manne: ningependa afanye, akifanya si neno, sipendi lakini kura yangu haibadiliki, ningemnyima kura. La kwanza ni kuunga mkono, la tatu ni kustahimili. La pili ndilo linalokuficha mengi, na kulifumbua kunahitaji jaribio.

Jaribio la jozi

Mwoneshe mhojiwa wagombea wawili wa kubuni na achague mmoja. Wote wawili wana miaka 52, wote wamewahi kuwa mawaziri, wote wanaahidi kushusha bei ya umeme. Wa kwanza anasema: “Mahakama ikizuia mradi wangu, nitaendelea nao.” Wa pili: “Mahakama ikizuia mradi wangu, nitakata rufaa na kusubiri.” Usitaje chama. Hiyo ni jozi sawa, ambayo mbabe haongezi faida yoyote. Katika jozi ya pili mbabe peke yake anaahidi umeme wa bei nafuu. Katika ya tatu anayeahidi ni yule anayeheshimu mahakama.

Anayemchagua mbabe kwenye jozi sawa anaupenda ubabe. Anayemkwepa kwenye jozi sawa, akamfuata kwenye ya pili, anastahimili, na sasa unajua kwa bei gani. Anayemkwepa kote amekataa. Anayemfuata hata kwenye ya tatu, akiiacha faida mkononi mwa mwingine, ndiye muumini wa kweli.

Mpe kila mtu jozi sita hadi nane, ukibadilisha kitendo na ukibadilisha kwa nasibu nani anakaa kushoto, kwa sababu wapo wanaochagua wa kwanza kila mara. Mwishoni rudia jozi moja ya mwanzo huku pande zimegeuzwa. Idadi ya waliojipinga itakuonyesha ni majibu mangapi yametolewa kwa kubahatisha, na ndiyo maana unasoma kundi, si mtu mmoja mmoja.

Kosa kubwa la jaribio hili ni faida isiyomgusa mhojiwa. Bei ya umeme haina maana kwa ambaye usiku halali kwa hofu ya wezi. Atamkataa mbabe kwenye jozi ya pili na utamwandika mtetezi wa mahakama. Basi mwulize mapema ni jambo gani moja linalomkera zaidi, na faida uitoe humo.

Jozi zenye majina ya vyama zifanye baadaye, katika fungu tofauti. Matthew Graham na Milan Svolik walifanya majaribio ya aina hii nchini Marekani na kuyachapisha mwaka 2020. Waliona kwamba ni sehemu ndogo tu ya wapiga kura inayomwacha mgombea wa upande wake anapokiuka misingi ya demokrasia, na kwamba walio katikati wako tayari zaidi kumwadhibu. Ukiweka chama mapema, unapima uaminifu kwa chama, na ubabe unajificha nyuma yake.

Sikiliza viunganishi

Namba zikikamilika, kaa na watu 20 hadi 30 kwa mazungumzo marefu, urekodi kwa idhini yao. Kisha tafuta kiungo kilichoshikanisha kitendo na sifa. “Anawafunga watu, lakini ajira zimeongezeka” ni mtu mwenye mizani, amepima pande mbili. “Anawafunga watu, ndiyo maana kuna utulivu” ni mtu ambaye kwake kifungo chenyewe ndicho kinacholeta neema. “Hata wale waliopita walifunga watu” hajaunga mkono wala hajastahimili. Haoni chaguo lililo tofauti. “Tutafanyaje sasa?” ni kukata tamaa, na ukimweka na wanaostahimili utadhani anaweza kuvutwa kwa ahadi, kumbe haamini ahadi ya yeyote. Wape watu wawili kazi ya kuwekea kila kauli alama ya fungu lake, kila mmoja peke yake, kisha linganisha. Wakitofautiana zaidi ya mara moja kati ya tano, maelekezo yako ya kuweka alama hayajakaa sawa.

Hofu

Nicaragua mwaka 1990 kura nyingi za maoni zilimpa ushindi Daniel Ortega, rais aliyekuwa madarakani. Siku ya uchaguzi, 25 Februari, mpinzani wake Violeta Chamorro alipata takriban asilimia 55. Katika jaribio moja lililofanyika kabla ya uchaguzi huo, wahojaji walishika kalamu za aina tatu: yenye maandishi ya chama cha Ortega, yenye maandishi ya muungano wa Chamorro, na isiyo na upande. Chamorro aliongoza pale tu ilipotumika kalamu ya muungano wake. Kalamu isiyo na upande ilitoa majibu kama ya kalamu ya Ortega, yaani mgeni asiyejitambulisha alihesabiwa kuwa wa serikali.

Kwa hiyo malizia kila mahojiano kwa swali ambalo Afrobarometer nayo hulitumia: “Unadhani nani ametutuma?” Wanaosema serikali wachambue peke yao. Andika pia nani alikuwa karibu wakati wa mahojiano. Jirani aliyesimama mlangoni anatosha kugeuza jibu.

Kwa wanaoogopa kujibu waziwazi, ipo pia mbinu ya orodha: nusu ya wahojiwa wanapewa kauli nne, nusu nyingine nne zilezile pamoja na ile nyeti, na kila mtu anataja idadi tu ya anazokubali. Wastani ukiwa 2.1 kwa wa kwanza na 2.5 kwa wa pili, asilimia 40 wanaikubali ile nyeti. Mhojiwa analindwa vizuri, ila mbinu hii inahitaji wahojiwa wengi. Kwa wahojiwa 600, kiwango cha makosa hufika karibu asilimia 16. Tena huelekea kushusha namba hata kwa mambo yasiyo nyeti, maana watu huchoka kuhesabu, hivyo tengeneza orodha nyingine yenye kauli isiyomtisha mtu uone inashuka kiasi gani.

Na kabla hujaondoka uwanjani, tenganisha namba za simu na majibu, kila faili mahali pake na nywila yake. Ukikusudia kuwarudia watu haohao baada ya miezi sita, orodha ya namba ishikwe na mtu mmoja asiyeyaona majibu, na ifutwe siku ile awamu ya mwisho inapokamilika.