Kubeba Kompresa Ndogo ya Upepo Kwenye Pikipiki: Mwongozo kwa Waendeshaji wa Mombasa

Kandokando ya barabara ya malori kati ya Changamwe na Miritini hakukosekani misumari na vipande vya nyaya, na fundi wa pancha anayepatikana kwa urahisi mchana huenda asiwepo usiku, hasa kwa mtu aliyekwama kwenye barabara ya Dongo Kundu. Kompresa ndogo hujaza upepo lakini haizibi tundu, kwa hiyo haimwondoi fundi. Kazi yake iliyo muhimu zaidi, kwa maoni yangu, ni ya nyumbani: kupima na kuongeza upepo kabla ya kutoka, kwa sababu tairi lenye upepo pungufu hupata joto, huisha pembeni na huiyumbisha pikipiki kwenye kona.

Hatua ya 1: Yajue matairi yako. Rimu za spoki kwa kawaida hutumia tyubu, lakini rimu nzima za aloi zinaweza kuwa na tyubu au zisiwe nayo, kwa hiyo soma maandishi ubavuni mwa tairi au muulize fundi aliyelifunga. Kisha tafuta kiwango cha upepo katika kijitabu cha pikipiki au kwenye kibandiko chake. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 huhitaji takriban PSI (kipimo cha msukumo wa upepo) 25 mbele na 28 nyuma kwa mtu mmoja, na nyuma hufika karibu 32 ukimbeba abiria. Ikiwa kijitabu chako kinasema tofauti, fuata kijitabu.

Hatua ya 2: Chagua kompresa kwa kuangalia umeme wake. Zile za waya hutumia volti 12 na nyingi huvuta ampea 8 hadi 10, yaani karibu wati 100 au zaidi. Tundu la kuchajia simu lililofungwa kwenye usukani hutoa takriban wati 10 tu, hivyo haliwezi kuiendesha. Zile zenye betri yake ndani ni rahisi kubeba, na baadhi huweza kuchajiwa kwenye tundu hilohilo la simu, lakini zisiachwe ndani ya sanduku linalopigwa na jua la mchana kutwa, kwa kuwa joto huharibu betri za lithiamu.

Hatua ya 3: Funga waya wa kudumu kwenye betri. Hapa usifanye haraka. Usiunganishe kompresa kwenye nyaya za taa au za honi, kwa kuwa ni nyembamba mno kwa mkondo huo na zinaweza kuyeyuka. Tumia waya mnene wenye fyuzi, ukiwa na fyuzi hiyo karibu kabisa na ncha chanya ya betri, ili waya ukichubuka na kugusa chuma cha fremu, fyuzi iungue kabla waya haujashika moto. Ukubwa wa fyuzi ufuate maelekezo ya kompresa. Anza na ncha chanya, malizia na hasi, kisha paka grisi kidogo juu ya ncha zilizokazwa, maana hewa ya chumvi ya Pwani huotesha kutu ya kijani penye shaba iliyoachwa wazi. Mwisho wa waya uwe na kifuniko na ufichwe chini ya kiti.

Hatua ya 4: Pakia vizuri. Funga kompresa kwenye mfuko usiopitisha maji, mbali na ekzosi na mnyororo. Pamoja nayo beba geji ya mkono ya kupimia upepo, kwa kuwa geji zilizojengwa kwenye kompresa za bei nafuu mara nyingi hudanganya, pamoja na kitambaa, tochi na vifuniko vya akiba vya valvu. Mwenye tairi lisilo na tyubu aongeze vifaa vya kuzibia.

Hatua ya 5: Jaza upepo tairi likiwa limepoa. Baada ya mwendo, joto hupandisha kipimo na kukufanya udhani upepo unatosha. Tazama kwanza shina la valvu: likiwa limeinama, tyubu imeteleza ndani ya rimu kwa sababu ya upepo mdogo na itachanika pale shinani, hivyo mpelekee fundi airekebishe. Likiwa limenyooka, simamisha pikipiki nje penye hewa, weka gia huru, washa injini ili betri isiishe, kisha unganisha mpira wa kompresa kwenye valvu na uwashe kompresa. Zima kila baada ya muda mfupi upime kwa geji ya mkono, na uiache mota ipumzike kwa muda uliotajwa katika maelekezo yake. Unapochomoa mpira tumia kitambaa, kwani kichwa cha shaba huwa cha moto.

Hatua ya 6: Upepo ukishuka tena, tia matone ya maji ya sabuni mdomoni mwa valvu. Mapovu yakitokea hapo, kaza kisindano cha ndani ya valvu au kibadilishe. Yasipotokea, tafuta tundu. Tairi lisilo na tyubu unaweza kuliziba mwenyewe na kuendelea polepole hadi kwa fundi. La tyubu linalovuja polepole litajazwa upepo wa kukufikisha kwa fundi wa karibu, ukisimama njiani kupima, lakini likiisha upepo ndani ya dakika chache usiliendeshe: sukuma pikipiki pembeni ya barabara na umwite fundi.