Aljebra ya chuo ukiwa na darasa la sapoti: fanya hivi

Kama umeanza koleji Marekani na wamekupanga aljebra ya chuo pamoja na darasa la sapoti, usijisikie vibaya hata kidogo. Zamani wengi walilazimika kupitia kozi za awali kwanza, hela na muda vinaenda na kredit za digrii hupati, ndo maana sehemu kama California, kwa sheria ya AB 705 ya mwaka 2017, vyuo vimesogea kwenye mtindo huu: unasoma aljebra yenyewe moja kwa moja na sapoti pembeni.

Sasa itumie. Usiende sapoti mikono mitupu, nenda na swali lililokukwamisha na kazi yako yote hata kama imechafuka, maana mwalimu anatafuta ni mstari gani ulipotelea. Mfano (x + 3)², wengi wanaandika x² + 9. Weka x = 1 uone: 4² ni 16, ila 1 + 9 ni 10, kwa hiyo kuna kitu kimerukwa, na kitu chenyewe ni 6x. Jibu ni x² + 6x + 9. Huo ujanja wa kuweka namba ndogo utakuokoa sana kwenye mtihani, aisee.

Hesabu za sehemu (kama 1/2 au 3/4) na alama za kutoa zirudie mapema, kabla hamjafika logi (logarithm). Na saa za ofisi za profesa, yaani muda anaotenga kusaidia wanafunzi nje ya darasa, nenda tu, ni haki yako.