Somo: Kufunga transponda kwenye pikipiki ya motokrosi

Wakuu, mwendeshaji anaweza kumaliza mizunguko yote na karatasi ya matokeo ikamwonyesha pungufu, na transponda yake, kifaa kidogo cha kuhesabia mizunguko, ikawa nzima kabisa. Mara nyingi tatizo ni mahali ilipofungwa.

Chini ya mstari wa kumalizia huzikwa waya unaokata njia upande hadi upande. Transponda hutoa namba yake kwa mawimbi bila kukoma, waya huinasa inapopita juu yake, na kompyuta huandika muda. Mawimbi hayo hayafiki mbali. MYLAPS, watengenezaji wakubwa wa vifaa hivi, wanataka transponda isizidi sentimita 60 kutoka ardhini, na chini yake pasiwe na chuma wala kaboni.

1. Chagua mahali. Pazuri ni kwenye kava ya plastiki ya shokapu ya mbele, upande wa kulia. Pikipiki nyingi za motokrosi zina diski na bomba la breki kushoto, kwa hiyo kulia kuna nafasi. Usifunge nyuma chini ya kiti: ni juu mno, injini na ekzosi vinaziba, na tena unajipunja. Mfumo unahesabu kifaa kinapopita, hauhesabu gurudumu. Kwa kilomita 60 kwa saa, mita 1 ni sekunde 0.06, na watu wamepoteza nafasi kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

2. Funga kishikizi cha transponda kwenye kava hiyo. Toa kava kwanza, ndipo utoboe. Ukitoboa ikiwa mahali pake utachuna shokapu, na sili ya oili haitadumu. Vichwa vya bolti vikae ndani, viwe bapa. Rudisha kava, bonyeza shokapu hadi chini na uzungushe usukani kotekote. Kishikizi kisiguse kitu.

3. Ingiza transponda, weka pini, kisha zungushia mkanda wa plastiki wa kubania nyaya. Kanuni za FIM, shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki, zinataka hata pini ifungwe kwa mkanda, na gundi peke yake haikubaliki. Tope la Garuga pale Entebbe au la Jamhuri, Nairobi, halina huruma na kitu kilicholegea.

4. Tazama taa. Kijani kinachomweka, chaji ipo. Nyekundu, rudisha kwenye chaja. Kisha wape watunza muda namba iliyoandikwa kwenye kifaa, waione kwa macho yao.

Maswali ya wanachama

Mkuu, transponda ile ya kuunganishwa na betri ya pikipiki si bora, nisahau habari za chaji?
Ni bora kama betri unayo. Pikipiki nyingi za kupiga kiki, na nyingi za watoto, hazina. Hapo chukua ya kuchaji.

Mwanangu anaweza kuiweka mfukoni? Pikipiki yake ni ndogo, kava hana.
Hapana dada. Mfukoni ni juu mno, na akianguka itamuumiza. Mwambie fundi atengeneze kipande cha plastiki ngumu, akifunge kwenye shokapu kwa mikanda miwili.

Mimi na mdogo wangu tunatumia transponda moja, madaraja tofauti. Inafaa?
Inafaa, ila nunueni vishikizi viwili, kila pikipiki na chake. Na watunza muda waambiwe kabla ya kila mbio. Msipowaambia, mizunguko yake itaandikwa kwa jina lako.

Uwanja wetu unamalizia kwenye kilima cha kuruka. Waya tuuzike wapi?
Swali zuri sana hili. Msiuzike pale pikipiki ziko hewani, zitapita juu ya uwezo wa waya. Uzikeni kwenye mpando, kabla magurudumu hayajaacha ardhi, na mstari wa kumalizia uwe hapohapo ulipo waya. Kisha mtu apite juu yake mara kadhaa, polepole na kwa kasi, kompyuta ikiwa imewashwa.