Somo: Kutunza umeme wa betri ndani ya gari-nyumba unapopiga kambi jangwani majira ya baridi

Somo hili linawahusu wenzetu wanaoishi Marekani ambao, baridi inapoingia, huendesha magari-nyumba yao hadi jangwa la Arizona na kukaa majuma kadhaa kwenye ardhi ya serikali isiyo na soketi ya umeme wala bomba la maji la kuunganisha kwenye gari. Mfano wangu ni La Posa, karibu na mji wa Quartzsite, ambako wakaaji wa muda mrefu hupokewa kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili. Wengi hufika wakiwa na paneli nzuri za sola, na bado betri huwaishia alfajiri. Kwa maoni yangu chanzo ni kimoja: vifaa hununuliwa kabla ya matumizi kuhesabiwa, na jua la Desemba la huko hudhaniwa kuwa sawa na jua la nyumbani Afrika Mashariki.

Hatua ya kwanza: Hesabu matumizi ya siku nzima

Chukua karatasi, andika kila kifaa, ampea kinazovuta na saa kinazofanya kazi, kisha zidisha upate ampea-saa. Feni ya hita ya gesi huvuta kama ampea 8. Ikizunguka jumla ya saa 5 usiku, umetumia 40. Taa za LED zikichukua 5, pampu ya maji 2, na kompyuta ya mezani au ya mapajani kama 23 kupitia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa soketi), umefika 70. Ongeza 12 za vitu ambavyo watu husahau kwa sababu havizimwi kamwe, yaani kadi ya umeme ya friji ya gesi na king'ora cha gesi. Mashine ya kahawa ya wati 1,000, ikiwaka dakika 10 tu, itachukua nyingine 16 hivi (gawanya wati kwa volti 12 upate ampea, kisha ongeza kidogo kinachopotea kwenye inveta). Jumla inakaribia 100.

Hatua ya pili: Fahamu akiba uliyo nayo kweli

Betri mbili za maji (za risasi na asidi) za volti 6, za aina inayotumika kwenye vigari vya gofu, zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa volti 12 na takriban ampea-saa 225. Hata hivyo, betri za namna hii hazipendi kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo akiba yako halisi ni kama 110. Ukilinganisha na hesabu ya hapo juu utaona kwamba usiku mmoja wenye baridi kuliko kawaida unatosha kukuvusha mpaka. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti hukuruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi ya uwezo wake, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya bei yake.

Hatua ya tatu: Punguza kabla ya kuongeza

Chemsha kahawa kwenye jiko la gesi. Zima inveta kila usipoihitaji, kwa maana huvuta ampea moja hivi hata ikiwa haina kazi. Hakikisha friji yenye uwezo wa kutumia gesi imewekwa kwenye gesi, kwa sababu ikiwekwa kwenye volti 12 inaweza kuvuta ampea zaidi ya 15 mfululizo. Hita ndiyo mlaji mkuu, basi ishushe unapolala na uongeze mablanketi. King'ora cha gesi usikizime kamwe kwa ajili ya kuokoa umeme.

Hatua ya nne: Simamisha paneli zilielekee jua

Hapa ndipo sisi tuliokulia karibu na ikweta tunapokosea. Tarehe 21 Desemba, jua la saa sita mchana Dar es Salaam huwa zaidi ya nyuzi 70 juu ya upeo wa macho, na paneli iliyolazwa juu ya bati hufanya kazi vizuri. Siku hiyo hiyo Quartzsite jua hufikia nyuzi 33 tu, likiwa upande wa kusini, kwa hiyo paneli iliyolala juu ya paa la gari hupata zaidi kidogo ya nusu ya miale inayoilenga. Paneli ya wati 200 ikilazwa inaweza kukupa karibu ampea-saa 40 kwa siku yenye anga safi; ikiinuliwa nyuzi 50 hadi 55 na kuelekezwa kusini, inaweza kukaribia 60. Hizo ampea-saa 20 hazikugharimu chochote zaidi ya vyuma vya kuinulia na dakika chache za kupanda ngazi. Upepo ukianza kuvuma kwa nguvu, zilaze mara moja. Angalia pia kivuli cha kiyoyozi cha paani, kwani hata kivuli kidogo hupunguza umeme wa paneli nzima.

Hatua ya tano: Washa jenereta asubuhi, liachie jua kazi ya mchana

Watu wengi huwasha jenereta jioni, baada ya kuona betri imeshuka, na kwa kufanya hivyo hupoteza mafuta. Betri ya maji iliyofika nusu hupokea umeme kwa kasi hadi ifike takriban asilimia 80. Baada ya hapo huupokea polepole, na sehemu iliyobaki huhitaji saa kadhaa hata chaja ikiwa kubwa. Ndiyo maana inafaa kuiwasha asubuhi, muda wa ukimya (saa za usiku ambazo kelele za jenereta haziruhusiwi kambini) ukiisha, betri ikiwa na njaa, kwa saa moja na nusu ukiwa na chaja ya ampea 40 au 50, kisha uizime na kuacha sola imalizie taratibu mpaka alasiri. Kumalizia huku ni muhimu mno, kwa sababu betri ya maji isiyojazwa kikamilifu kwa siku nyingi hujenga fuwele za salfeti kwenye mabamba yake na kupoteza uwezo ambao haurudi.

Kagua chaja iliyokuja na gari. Baadhi ya zile za zamani hutoa volti 13.6 tu, ilhali betri ya maji huhitaji 14.4 au zaidi ili ijae. Kwa chaja ya namna hiyo jenereta itanguruma kutwa na betri isishibe. Jenereta ikae mbali na madirisha yako na ya jirani, kwa kuwa kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo huua.

Maswali ya wanachama

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Hita ikiwa inazunguka, mita yangu inaonyesha volti 12.1. Je, betri imefika nusu?

Jibu: Si lazima. Volti hushuka betri inapofanya kazi, kwa hiyo ipumzishe saa moja au zaidi bila mzigo wala chaji ndipo upime: 12.7 ni kujaa, na karibu 12.1 hadi 12.2 ni nusu. Njia bora ni mita inayofungwa kwenye waya hasi na kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Swali: Naweza kuongeza betri moja ya lithiamu kando ya zile za maji?

Jibu: Usiziunganishe pamoja, kwa sababu volti zao za kuchaji na za kupumzika zinatofautiana. Badilisha zote, uhakikishe chaja na kidhibiti cha sola (kifaa kinachoongoza umeme wa paneli kuingia kwenye betri) vina mpangilio wa lithiamu, na usizichaji zikiwa chini ya nyuzijoto 0.

Swali: Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Mombasa, naye hulala na mashine ya kusaidia kupumua. Naogopa kumpeleka jangwani.

Jibu: Mpe mama shikamoo yangu. Sehemu inayokula umeme mwingi ni kitia-unyevu chenye joto na bomba lake la hewa linalopashwa joto. Muulize daktari wake kama anaweza kulala bila hivyo. Akikubali, tafuta waya wa volti 12 uliotengenezwa kwa mashine hiyo ili usipitie inveta. Ijaribuni nyumbani usiku mzima mkiwa na mita, na mwende na betri ya pili iliyojaa kwa ajili yake peke yake.

Swali: Mimi niko Nanyuki, natumia Land Cruiser yenye hema juu ya paa na friji ya kompresa. Hesabu hizi zinanifaa?

Jibu: Njia ni ile ile, walaji ndio tofauti. Kwako friji itachukua nafasi ya hita, na paneli inaweza kulazwa bila kuinuliwa mwaka mzima. Weka betri ya pili iliyotengwa na ile ya kuwashia injini, uifungie chaja inayochukua umeme wa oltaneta (kizalisha-umeme cha injini) unapoendesha, na uegeshe gari ili friji iwe kivulini huku paneli ya kukunja ikiwa juani kwa waya mrefu na mnene.