Honk, hoot, beep: namna ya kuongelea honi kwa Kiingereza ukaeleweka

Jamani hili neno honk wengi wetu hatukulikuta shule, sisi tumezoea hoot, "the driver hooted", na hoot sio kosa hata kidogo, ni Kiingereza cha Uingereza na ndicho kilichotufikia huku, Kenya na Uganda wanaitumia kila siku. Kazi inaanza ukienda Marekani, kule hoot ni mlio wa bundi, au wakisema mtu ni "a hoot" wana maana anachekesha. Kuna dada nilikuwa namsaidia maandalizi ya leseni huko, siku moja yuko barabarani na mwalimu wake, taa imewaka kijani, gari la nyuma likapiga honi, akasema "he is hooting me", mwalimu akageuka kuangalia nyuma, akamuuliza he's what?, mpaka dada alipogusa katikati ya usukani ndo jamaa akaelewa. Iliniuma maana Kiingereza chake kiko vizuri tu, neno moja ndo lilimwangusha.

Sasa honk asili yake ni mlio wa bata bukini, wale wenye shingo ndefu, Marekani kaskazini wako kibao na wakipita angani kundi zima unawasikia kabla hujawaona. Magari ya zamani yalikuwa na honi ya kuminya mpira kwa mkono, sauti yake ya puani puani hivi kama ya huyo bata, na neno likahamia kwenye gari. Kulitamka, h isikike, alafu ile ng' ya ng'ombe, unakata na k, usiongeze i mwishoni ukasema honki. Mmarekani o yake inaelekea kwenye a kwa hiyo utasikia kama haang'k, usishtuke.

Inatumika kama kitendo na kama jina: honk, honked, honking, na "I heard a honk" yaani nimesikia honi. Ukitaka sema "honk the horn" ila horn unaweza kuiacha, imeshaeleweka. Usichukue "piga honi" ukaipeleka neno kwa neno ukapata "beat the horn", hapana.

Panapowachanganya watu zaidi ni hapa: Kiswahili ukisema nimempigia honi inabeba yote, salamu, onyo, hasira, lakini Kiingereza "I honked at him" mara nyingi anayesikia anaelewa umemfokea mtu kwa honi. Kwa hiyo kama ulikuwa unamsalimia jirani sema "I honked and waved", na kama unamtonya kwamba mlango wake haujafungwa sema "I honked to warn him". Rafiki anakuja kukuchukua unataka apige honi akifika getini? "Just honk when you get here", basi, hiyo ni ya kirafiki kabisa na haina at.

Alafu kuna ndugu zake. Beep hii unaijua tayari, ndo ile ile ya kubip simu, inaita kidogo unakata, na honi ya beep ni hivo hivo, fupi, ya adabu. Toot nayo ni fupi na ya furaha. Yule anayekandamiza honi haachii kama mabasi ya mkoani yakiingia stendi, Mmarekani anasema "he laid on the horn", na blare ni ule mlio mkubwa wa kuumiza masikio.

Meli usiipe honk, mlio wake ni blast, na baharini kila mlio una maana: mmoja mfupi wa kama sekunde 1 nageuka kulia, miwili nageuka kushoto, mitatu injini zangu zinasukuma nyuma, mitano au zaidi sikuelewi unafanya nini. Ukivuka na pantoni Kigamboni tega sikio. Treni ya Marekani ikikaribia makutano na barabara inapiga mirefu miwili, mfupi mmoja, mrefu mmoja, na wao wanasema "the train blew its horn".

Kwa anayeenda Uingereza, honk ya gari wanaielewa ila mtaani "it's honking" inaweza kuwa na maana kitu kinanuka vibaya, kwa hiyo ukiambiwa hivo kuhusu soksi zako usitafute gari. Kwenye kitabu chao cha sheria za barabarani wanaandika "sound your horn", na mjini hairuhusiwi kuanzia saa 5 na nusu usiku mpaka saa 1 asubuhi, wala ukiwa umesimama barabarani, isipokuwa mwenzako anakuletea hatari.