Nzi wamejaa kwa nyumba? Tafuta kwanza penye wanazaliana

Nzi wakianza kujaa kwa nyumba wengi wetu tunakimbia dukani kununua dawa ya kupuliza, tunafunga madirisha tunapuliza mpaka tunakohoa, jioni tunawafagia sakafuni wakiwa wamekufa, kesho kutwa wako tena vile vile. Si ati dawa haifanyi kazi, inafanya, lakini inaua tu wale wanaoruka. Jike mmoja wa nzi wa kawaida anataga mayai kama 100 kwa mpigo na anaweza kufikisha 500 maishani, na hayo mayai mara nyingi yanaanguliwa kabla hata siku iishe, sasa kama pale walipotoka hujapagusa utanunua dawa mpaka uchoke.

Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, waangalie vizuri ni nzi gani, juu kila aina inakuonyesha mahali tofauti pa kutafuta.

Wale wakubwa wa kijani ama bluu wanaong'aa, wakitokea ghafla wengi na wamejaa kwa dirisha, kuna kitu kimekufa karibu. Mara nyingi ni panya kwa siling, nyuma ya kabati ama chini ya friji, na ukiuliza vizuri utasikia jirani aliweka sumu ya panya wiki iliyopita. Hiyo ndiyo sababu mimi siungi mkono sumu kwa nyumba za kupanga, panya anaikula kwako anaenda kufia mahali hakuna mkono unafika. Tumia mtego, angalau ukimnasa unajua yuko wapi. Kama ameshafia kwa siling, fuata harufu, ongea na keateka mfungue ubao mmoja, vaa glavu ama karatasi ya plastiki mkononi, mfunge kwa mifuko miwili umtoe, halafu usugue hapo na maji ya sabuni na dawa ya kuua viini. Ikishindikana kabisa kumfikia, ziba nyufa za taa na kona za siling kwa selotepu ili wasishukie kwako, na mchana vuta pazia zote uache dirisha moja wazi, nzi wanafuata mwangaza na watatoka wenyewe. Mzoga ukikauka wanaisha, inaweza kuchukua wiki mbili hivi, vumilia.

Vile vidogo vya kijivu vya bafuni, vyenye mabawa ya manyoya kama kipepeo kidogo, hivyo vinatoka kwa mfereji. Ukitaka kuhakikisha, usiku bandika selotepu juu ya tundu la sinki ama la bafu, upande wa gundi ukiangalia chini, usizibe lote, acha hewa ipite kidogo, asubuhi uangalie kama kuna vilivyonaswa. Watu wanamwaga Jik (ile bleach ya kung'arisha nguo) hapo wanangoja muujiza lakini inapita tu, ule utelezi mweusi uliogandia kwa paipu ndio chakula na nyumba ya funza wao. Toa kile kichujio, ingiza brashi ndefu usugue mpaka utelezi utoke, mwagia maji ya moto na sabuni (ya moto, si yanayochemka, paipu za plastiki zinaharibika), rudia siku kadhaa mfululizo. Na usichanganye Jik na dawa nyingine ya choo, ile hewa inayotoka ni sumu kabisa.

Vinzi vya ndizi na maembe ni rahisi, funika matunda, weka siki kidogo kwa kikombe na tone la sabuni ya vyombo, watazama humo.

Sasa nzi wa kawaida, hawa ndio shida kubwa kwa ploti zetu. Wanatua kwa choo, kwa pampers iliyotupwa, halafu wanakuja kwa ugali wa mtoto, wanatapika mate yao hapo ndio walambe, na ndiyo maana kuhara kunazunguka nyumba hadi nyumba hasa mvua ya Machi hadi Mei ikianza na taka zimelowa. Kukiwa na joto kali yai linaweza kuwa nzi chini ya siku 10, kwa baridi yetu ya Julai inavuta zaidi. Lori la taka likikuja mara moja kwa wiki, funza wameshakula wameshiba wametambaa kutoka kwa pipa kwenda kujificha pakavu, na wakishajifunga kwa ganda dawa haiwafikii vizuri.

Kwa hivyo usiwape hiyo wiki. Chuja maji kwa takataka kabla ya kutupa, maganda na mabaki ya chakula yafunge kwa gazeti halafu mfuko, funga kabisa. Utumbo wa samaki na mifupa, kama una friza viweke humo mpaka siku ya taka, najua si watu wengi watapenda hii lakini inasaidia sana. Pampers mwaga kinyesi kwa choo kwanza, kisha funga. Pipa lioshwe na likauke, na liwe na kifuniko, na lile la ploti lisikae chini ya dirisha la mtu.

Ukishafanya hivyo ndio sasa dawa na vitu vingine vinakuwa na maana. Neti ya dirisha ni fundi tu na Velkro (ule utepe wa kunasana), si gharama ya kutisha. Feni ikielekezwa kwa meza inasaidia kwa sababu nzi hawawezi upepo. Mtego wa chupa, ile ya soda unakata juu unaigeuza iwe faneli na kichwa cha samaki ndani, uweke nje mbali na mlango, ukiuweka ndani unawaita wageni. Ukipuliza dawa, hata zile za pareto ambazo watu wanaziona salama, funika sufuria na maji ya kunywa, toa watoto na mtu yeyote wa pumu, rudini baada ya kufungua madirisha.

Na kama wewe umesafisha kwako na bado wanakuja, shuka chini uangalie pipa la ploti na choo cha nje, ongeeni wapangaji pamoja na landilodi lori lije mara mbili kwa wiki.